Manowari ya Kusindikiza: Shah, Shaba ya Shituru na Vita vya Bahari ya Hindi, 1942–1945

Utangulizi

Shituru ni sehemu ya viwanda katika mji wa Likasi, ambao leo umo katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka hapo hadi pwani iliyo karibu, iwe ya mashariki au ya magharibi, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa kuona Shituru ikitajwa katika makala yanayohusu manowari ya kubeba ndege. Hata hivyo, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vita vya shehena. Bamba la shaba lililotolewa katika birika la Shituru halikuwa na faida yoyote kwa majeshi mpaka livushwe bahari, na bahari ilikuwa na nyambizi.

Makala haya yanaeleza namna ilivyoundwa na ilivyotumika manowari moja ya kusindikiza, Shah, iliyofanya kazi yake katika Bahari ya Hindi kuanzia mwaka 1944. Hoja yake kuu ni kwamba meli ya aina hii haiwezi kueleweka kwa kuhesabu mizinga na ndege zake tu. Hueleweka kwa kutazama kile kilichosindikizwa na, zaidi ya hapo, kile kilichoachwa kwenda bila msindikizaji wa kutosha.

Neno lenyewe linasaidia. Katika ada za Waswahili, mwenyeji humsindikiza mgeni mpaka mahali ambapo njia inajulikana kuwa salama, kisha hurudi. Hasafiri kwa ajili yake mwenyewe. Meli inayojadiliwa hapa iliundwa kwa kazi kama hiyo.

Shaba na Njia Zake

Shaba ya Katanga, ambayo wenyeji huiita mukuba, ilifuliwa na mafundi wa nchi hiyo karne nyingi kabla ya kuja kwa Wazungu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kazi. Humo mawe ya madini yalisagwa na kuyeyushwa kwa asidi, kisha umeme ukapitishwa katika maji hayo ili shaba safi igande juu ya mabamba. Mji wa Likasi wakati huo uliitwa Jadotville, jina lililodumu hadi mwaka 1966.

Ubelgiji ilipotekwa na Wajerumani mwezi Mei 1940, koloni la Kongo lilibaki upande wa Uingereza na washirika wake, na shaba yake ikaelekezwa huko. Katika miaka ya 1941 hadi 1944 Katanga ilitoa zaidi ya tani 150,000 za shaba kila mwaka. Shaba ilihitajika kwa maganda ya risasi, kwa nyaya za umeme, kwa mitambo ya meli na ya ndege. Kutoka machimbo ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalitoka pia mawe ya urani yaliyotumiwa na Marekani kuunda bomu la atomiki. Kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo kilikuwa kimekwisha kupelekwa New York mwaka 1940, na mengine yakafuata. Mwishoni mwa mwaka 1942 shehena moja ya madini hayo ilizama baharini kwa kupigwa na nyambizi.

Shehena za Katanga zilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikwenda magharibi kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Ya pili ilipita ndani ya Kongo kwa reli na mto hadi Matadi. Ya tatu ilikwenda kusini, ikapita Rhodesia, ikatokea Beira katika Bahari ya Hindi. Njia zote tatu ziliishia majini.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama ya damu kabla hata shaba haijafika bandarini. Bei za vitu zilipanda kwa sababu ya vita ilhali mishahara ya Waafrika ilibaki nyuma. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi, wakiwamo wale wa Shituru na Panda, waligoma, na askari wakawafyatulia risasi. Tarehe 9 Desemba yakatokea kama hayo katika uwanja wa michezo wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ambako Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wa wagomaji, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Shehena ililindwa, waliochimba hawakulindwa.

Bahari Iliyoingiliwa

Siku zilezile za Desemba 1941 Japani iliingia vitani. Mwezi Aprili 1942 ndege zake zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, na tarehe 9 Aprili zikaizamisha Hermes, manowari ya kubeba ndege ya Uingereza. Kikosi cha Mashariki cha wanamaji wa Uingereza kililazimika kurudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa kuwa mahali pa wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani.

Adui hakukawia kufuata. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia katika bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, zikaijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Katika Juni na Julai nyambizi za Japani zilizamisha zaidi ya meli ishirini za biashara katika mlango wa bahari wa Msumbiji, yaani katika maji ambayo meli zitokazo Beira zilipaswa kuyapita. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huohuo zikaja pia nyambizi za Ujerumani, zikiwa za aina kubwa iliyoundwa kwa safari za mbali.

Nyambizi ya wakati ule ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Chini ya maji ilitumia umeme wa betri, ikaenda polepole na kwa muda mfupi. Ili kuifukuza meli au kujaza betri zake ilikuwa lazima ielee juu. Ndege ikiwapo angani, nyambizi hulazimika kuzama, na ikizama huachwa nyuma. Ndege za nchi kavu ziliruka kutoka pwani na visiwani, lakini Bahari ya Hindi ni pana. Palihitajika kiwanja cha ndege kinachotembea pamoja na msafara.

Umbo la Manowari

Manowari kubwa za kubeba ndege zilichukua miaka mingi kujengwa, na zilikuwa chache. Waingereza walianza na jaribio la haraka. Meli ya Kijerumani iitwayo Hannover, iliyokuwa ikibeba matunda, ilitekwa mwaka 1940, ikakatwa sehemu ya juu na kuwekewa sitaha ya ndege. Ikapewa jina la Audacity, ikaanza kazi mwaka 1941. Ilizamishwa tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, lakini ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba ndege chache tu zinaweza kubadilisha hali ya msafara mzima.

Marekani ilichukua wazo hilo na kulifanya kuwa kazi ya viwanda. Shah ilianza kujengwa tarehe 13 Novemba 1942 huko Tacoma, jimbo la Washington, ikashushwa majini tarehe 21 Aprili 1943. Jina lake la kwanza lilikuwa Jamaica. Tarehe 27 Septemba 1943 ilikabidhiwa kwa Uingereza kwa mpango wa kuazimana silaha. Meli za kundi lake, zaidi ya ishirini, zilipewa majina ya watawala: Ameer, Begum, Khedive, Rajah, Emperor na mengineyo. Masikio ya Mswahili hayawezi kuyakosa baadhi yake. Ameer ni amiri, na Shah ni ndugu wa shaha, neno lililobaki katika mchezo wa sataranji na katika cheo cha shaha wa malenga.

Chini ya jina hilo la kifalme palikuwa na meli ya mizigo. Kiunzi chake kilikuwa kile kilichosanifiwa kwa meli za biashara. Urefu wake ulikuwa kama mita 150. Ilisukumwa na mtambo mmoja wa mvuke wenye nguvu za farasi 8,500 na rafadha moja tu, ikaenda maili 18 za bahari kwa saa. Manowari kubwa za kubeba ndege zilipita maili 30. Hata hivyo kasi ya 18 ilitosha, kwa kuwa meli za msafara zilikwenda polepole zaidi.

Juu ya kiunzi palijengwa banda la ndege, na juu ya banda ikatandazwa sitaha ya mbao. Lifti mbili zilipandisha ndege kutoka bandani. Upande wa mbele palikuwa na manati ya kurushia ndege, kwa sababu sitaha ilikuwa fupi na meli haikuwa na kasi ya kuleta upepo wa kutosha. Upande wa nyuma zilitandwa kamba za chuma zilizonasa kulabu ya ndege inayotua. Upande wa kulia palisimama mnara mdogo wa nahodha. Meli ilichukua watu wapatao 650 na ndege kama ishirini. Kikosi chake cha ndege, nambari 851, kilirusha Avenger, ndege ya Kimarekani ya watu watatu yenye rada na yenye uwezo wa kubeba topido au mabomu ya kulipukia kilindini.

Ubora wa meli hizi ulikuwa urahisi wake, na hatari yake ilitoka hapohapo. Hazikuwa na ngozi nene ya chuma, na matumbo yake yalijaa petroli ya ndege. Tarehe 27 Machi 1943 Dasher, iliyokuwa ya kundi lililotangulia, ililipuka katika maji ya Scotland bila kuguswa na adui. Watu 379 walikufa. Baada ya hapo Waingereza walisisitiza kubadili namna ya kuhifadhi petroli, na meli nyingi za kundi la Shah zilipitia Vancouver, Kanada, kwa kazi hiyo. Mabadiliko hayo yalichelewesha kufika kwao vitani. Makamanda walikuwa na uchaguzi mgumu: kupeleka meli upesi ikiwa na hatari ya moto, au kuiongezea usalama ilhali misafara inangoja.

Msafara wa Februari 1944

Namna misafara ilivyongoja inaonekana katika yaliyoupata msafara ulioondoka Kilindini mapema Februari 1944. Ulikuwa na meli tano za kubeba watu, zikielekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyojengwa mwaka 1922. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, wengi wao Waafrika, wakienda kujiunga na vita dhidi ya Japani. Walikuwamo pia wanamaji, wauguzi na wanawake wa utumishi wa jeshi la majini.

Msafara ulilindwa na manowari Hawkins pamoja na manowari mbili nyepesi, Paladin na Petard. Manowari ya kubeba ndege haikuwamo. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilirusha topido. Mbili ziliipata Khedive Ismail, na meli ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Wengi waliokuwa chini hawakupata nafasi ya kupanda ngazi.

Kisha likatokea jambo lililowasumbua walioshuhudia kwa maisha yao yote. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakiogelea walionusurika. Paladin na Petard zililazimika kuchagua baina ya kuwaokoa watu hao na kuizuia nyambizi isizipige meli nyingine. Mabomu yakatupwa majini. I-27 ililazimishwa kuibuka, na baada ya mapambano marefu ikazamishwa kwa topido ya Petard. Katika watu 1,511 walipona 214; 1,297 walikufa. Askari wa kikosi cha 301 wanakumbukwa katika mnara wa Afrika ya Mashariki ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Si haki kudai kwamba ndege zingeiokoa Khedive Ismail kwa yakini. Nyambizi iliyokwisha kuzama na kungoja ni vigumu kuonwa kutoka angani. Lakini kazi ya ndege ya kusindikiza huanza saa nyingi kabla ya topido, nyambizi inapokwenda juu ya maji ili ijiweke mbele ya msafara. Saa hizo, katika safari ile, hazikuwa na mlinzi wa angani aliyetoka katika msafara wenyewe.

Msako wa Agosti 1944

Miezi sita baadaye hali ilikuwa tofauti. Mapema Agosti 1944 nyambizi ya Kijerumani U-198 ilikuwa ikiwinda mbele ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Ilikuwa imetoka La Pallice, Ufaransa, mwezi Aprili. Tarehe 6 Agosti ilizamisha Empire City katika maji ya kaskazini mwa Msumbiji, na kesho yake ikazamisha Empire Day upande wa kaskazini zaidi. Meli hizo mbili zilipotea kwa siku mbili, lakini mahali zilipozama palimtaja mwindaji.

Kikosi cha msako kilitumwa. Kilikuwa na manowari mbili za kusindikiza, Shah na Begum, pamoja na manowari nyepesi kadhaa. Hapa Shah ilitumiwa kwa namna iliyozidi usindikizaji wa kawaida. Badala ya kukaa kando ya msafara na kungoja, ilikwenda yenyewe mahali nyambizi ilipotarajiwa kupita, ndege zake zikagawana bahari sehemu kwa sehemu.

Tarehe 10 Agosti Avenger ya kikosi cha 851 iliiona U-198. Nyambizi ikazama, lakini kuanzia hapo haikuwa tena na uhuru wa bahari. Ikiibuka, ndege zingeiona. Ikibaki chini, ingekwenda polepole ilhali wawindaji wanakaribia. Tarehe 12 Agosti, karibu na visiwa vya Shelisheli, manowari Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India ziliinasa kwa vyombo vya kusikilizia chini ya maji na kuizamisha. Watu wote 66 waliokuwa ndani walikufa.

Katika hesabu za vita, ushindi huo huandikwa kwa jina la Findhorn na Godavari, na ni sawa kufanya hivyo. Lakini Waswahili husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ndege haikuizamisha nyambizi. Iliinyima nafasi ya kutoroka. Manowari nyepesi zisingejua mahali pa kutafuta katika bahari pana kiasi hicho lau si macho yaliyotoka katika sitaha ya Shah. Kazi ya namna hii haina picha ya kuvutia. Ushahidi wake mkubwa ni meli ambazo hazikuzama, na historia ina uzoefu mdogo wa kuandika mambo ambayo hayakutokea.

Mwaka wa Mwisho wa Vita

Nyambizi zilipopungua, kazi ya Shah ilibadilika. Mwishoni mwa Aprili 1945 ilikuwa pamoja na Empress katika kikosi kilichoshambulia visiwa vya Andaman na Nicobar ili kuyalinda majeshi yaliyokuwa yakiteremka Rangoon, Burma. Katika nchi hiyohiyo, mwaka uliotangulia, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imepigana katika bonde la Kabaw wakati wa masika.

Mwezi Mei 1945 udhaifu wa umbo la Shah ulijitokeza wazi. Manowari kubwa ya Kijapani Haguro ilikuwa imetoka Singapore, na kikosi cha Uingereza kikaifuata. Manati ya Shah ikaharibika. Bila manati, Avenger zenye mzigo mzito hazikuweza kuruka kwa usalama kutoka katika sitaha fupi ya meli isiyo na kasi. Ikabidi ndege za kikosi cha 851 zihamie katika Emperor. Kutoka huko ziliiona Haguro na kuishambulia tarehe 15 Mei, na usiku wa kuamkia tarehe 16 manowari nyepesi tano zikaizamisha katika mlango wa bahari wa Malaka. Kifaa kimoja kilipokufa, manowari nzima iliachwa bila kazi. Lakini kwa kuwa meli za kundi hilo zilifanana, ndege zilipata sitaha nyingine mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa hekima ya kujenga meli nyingi za kawaida badala ya moja ya fahari.

Maisha ya Pili

Shah ilirudishwa kwa Marekani mwezi Desemba 1945, na mwaka 1947 ikauzwa. Sitaha ya ndege iliondolewa, banda likavunjwa, na kile kiunzi cha meli ya biashara kikarudi kufanya kazi kilichosanifiwa kuifanya. Ikawa meli ya abiria ya Argentina, jina lake Salta, ikichukua wahamiaji kutoka Ulaya hadi Buenos Aires.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 1963 meli ya abiria Lakonia, yenye watu zaidi ya elfu moja, iliwaka moto kaskazini mwa kisiwa cha Madeira. Salta ilikuwa njiani kutoka Italia kwenda Argentina. Ilifika kabla ya meli nyingine zote, kabla ya alfajiri ya tarehe 23, ikawaopoa majini watu 475. Waliokufa katika ajali hiyo walikuwa 128. Salta ilivunjwa mwaka 1966.

Hitimisho

Historia ya Shah, kwa hiyo, ni historia ya chombo cha kawaida kilichopewa kazi ya kuwalinda wengine, kikaifanya vitani na kikaifanya tena katika amani, siku ambayo hakuna aliyekiamuru kwenda vitani. Hakikuwa na kasi, hakikuwa na ngozi nene, na jina lake la kifalme lilikizidi kimo. Thamani yake ilikuwa kufika mahali kinapohitajika, kwa wakati.

Wakati ndio hasa uliowapita watu wa Khedive Ismail. Askari wa mizinga waliotoka Kilindini Februari 1944 walisafiri katika bahari ileile ambayo Shah iliilinda Agosti, na tofauti ya miezi hiyo sita ilipimwa kwa uhai wa watu 1,297. Wafanyakazi wa Shituru nao walitoa shaba iliyopewa walinzi hadi ng'ambo ya pili ya bahari, na walipodai mshahara wa kutosha walipewa risasi. Anayeandika historia ya usindikizaji hana budi kuyaweka mambo hayo katika ukurasa mmoja. Msafara unaanzia pale mkono wa kwanza unaponyanyua bamba kutoka katika birika, na mwenye mkono huo naye ni msafiri.